Vidonge Sitaviacha

Tarehe 9 Juni, mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wanao. Goti lako linaendeleaje? Mimi sijambo. Bado natengeneza saa pale pale dirishani, na mteja mmoja husema mimi ndiye saa pekee mtaani inayotembea bila betri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema chumba cha uani kimepakwa rangi, nirudi nipumzike kati ya watu wangu. Ila vidonge niviache huku, maana mkweo hajui lolote kuhusu maradhi yangu, na mtu aliyepona hana haja ya dawa. Mdogo wangu, sijapona. Nimetulia, na kilichonituliza ni hivyo vidonge.

Mwaka jana mikono ilianza kutetemeka, hata skrubu ndogo zikawa zinanikimbia. Shingo ikakakamaa, mate yakanichuruzika kama mtoto anayeota meno. Majirani walisema ni uzee. Nilibeba saa iliyofunguliwa hadi kliniki, nikamwomba daktari anitazame nikijaribu kuifunga. Alitazama, akafungua faili langu, akakiri kwamba ni vidonge vilivyonizidi: dozi ile niliandikiwa nilipozidiwa miaka ya nyuma na hakuna aliyeigusa tangu hapo, ilhali mwili wa mzee hauitoi dawa upesi kama wa kijana. Alinipima damu na moyo, akapunguza dozi kidogo kidogo kwa miezi mitano, akinionya: "Kupunguza ni kazi yetu wawili, mzee wangu. Ukiacha ghafla peke yako, utaniletea mtu mwingine." Nilimjibu kwamba huyo mwingine namjua, na sitaki kukaa naye nyumba moja. Sasa skrubu zinanitii, na zile sauti nilizokuwa nikizisikia kichwani hazijarudi.

Nikuambie nililokuficha. Ile barua ya miaka kumi na moja iliyopita, ambayo ndani yake nilikushutumu kwamba umetuma watu wanifuate, niliiandika wiki ya sita baada ya kuacha dawa zote. Uliniandikia kwamba nimeshapona, nami nikakuamini kwa kuwa nilitamani iwe kweli. Miezi ile minne uliyodhani niko safarini nilikuwa wodini. Sikulaumu. Lakini sirudii kosa lile la kuacha dawa, eti mkweo asishtuke. Mwambie kwamba kaka yako ana ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, anameza dawa, na anafanya kazi.

Nisalimie shemeji, na wajukuu mmoja mmoja. Chumba mpeni mwingine. Mimi sitarudi penye sharti la kuacha vidonge.

Kaka yako,
Fundi Saa