Nasra, Mkoba Wako Ulifika Kabla Yako

Mwaka umezunguka, mwanangu Nasra, tangu udongo ukuchukue kwenye njia ya kushuka, masika yakiwa yamekolea. Watu wanasema nitazoea. Mimi bado nikisikia pikipiki inapanda kilima nasimama mlangoni.

Ulikuwa mshauri nasaha kwenye mahabusu ya watoto, kule chini mjini. Kazi hiyo sikuielewa. Mimi nimeishia darasa la saba, nilijua mahabusu ni ya watu wazima, na mshauri ni mzee wa kwenye vikao vya harusi. Jirani mmoja alinitania sokoni kwamba nimeuza peasi na karoti miaka yote ili mwanangu akalinde wezi. Nilipokuambia ulicheka mpaka ukaweka kikombe chini. "Mama, silindi mtu mimi. Nakaa nao tu, mpaka waseme."

Na kweli ulikaa nao. Kila ulipokuja nyumbani Irente uliondoka na maharage makavu, bado yako kwenye maganda. Nikakugombeza, nikasema kwani huko mjini hakuna maharage yaliyopukuchuliwa. Ukanieleza kwamba mtoto ukimkazia macho na kumuuliza kwa nini aliiba, atakunyamazia mpaka jioni. Lakini mweke mbele ya ungo, mikono iwe na kazi, mdomo utafunguka wenyewe. Ukasema umejifunza kwangu, wewe na Shamsa mdogo wako, mlivyokuwa mkinitolea siri zenu zote kwenye ungo wetu bila kuulizwa. Mimi sikujua kama ile nayo ni elimu.

Niliogopa, Nasra. Unanijua nilivyo. Kila jioni nilikupigia simu, nikuulize kama wamekupiga, kama wamekuibia, kama mlango wa ofisi yako una komeo. Ulinijibu kila mara, hukunichoka hata siku moja. Niliomba dua uhamishwe, maana nilikuwa nawaogopa wale watoto. Kumbe nilikuwa natazama upande ambao hauna hatari.

Hapa nasema na wanaosoma pia, wasikie.

Mtoto akimaliza muda wake ulimpeleka kwao mwenyewe. Hukumshusha barabarani. Ulimfikisha mpaka uani, akawaamkia wakubwa, nawe ukasubiri pale pembeni. Ulikuwa ukisema mtoto hajafika mpaka aitikiwe marahaba. Siku ile ulikuwa na Idrisa, yule aliyeiba bomba la kupulizia dawa kwenye shamba la nyanya. Wazazi hana, kalelewa na baba yake mdogo. Kijiji chao sikitaji.

Idrisa akatoa shikamoo. Baba mdogo akaendelea kufunga mbuzi wake. Akatoa tena. Yule bwana akakuangalia wewe, mtoto hakumwangalia, akasema, "Dada, mzigo huu rudi nao." Mvua ilishaanza. Hukugombana naye. Ulimwambia mtakuja tena, mkaanza kushuka kwa miguu, kwa kuwa mwenye bodaboda alikataa kuwasubiri kwenye utelezi.

Kwenye kona ya mikaratusi ukingo ukakatika. Idrisa alikuwa mbele, amekubebea mkoba. Alipogeuka hakukuona. Alichimba kwa mikono, akaona haitoshi, akakimbia kurudi kwenye nyumba za karibu kuita watu wenye majembe.

Watu walimwona Idrisa, mwizi wa bomba, katapakaa tope, ana mkoba wa mwanamke, anapiga kelele. Wakamkamata. Wakamfunga kwa kamba ya mbuzi, wakamuuliza mkoba kauiba wapi. Akasema Anti yuko chini ya udongo. Wakamwambia uongo wake wameuzoea.

Simu yako ikaita ndani ya mkoba. Nilikuwa mimi, nakuuliza kama kawaida umefika wapi. Akapokea mwanamume. "Mama, usiwe na wasiwasi. Mwizi wa mkoba tumemkamata, na mkoba uko salama."

Nikamshukuru, Nasra. Nilimshukuru.

Ndipo nikauliza, na mwenye mkoba yuko wapi? Nikamsikia mtoto analia nyuma yake, "Mwambieni mama yake, jamani, kona ya mikaratusi." Nikauliza tena. Ndipo wakachukua majembe.

Walikutoa ukiwa umeshakata roho. Daktari alituambia hakuna awezaye kusema kama wangewahi ungepona. Kaka yako Sharifu alitaka kuuliza zaidi, nikamvuta shati. Sikutaka jibu. Mpaka sasa silitaki, na bado nalitafuta.

Siwataji waliomfunga. Walikuja msibani wakalia kweli, na sina kesi nao. Ila wazazi wenzangu, nawaonya kama nilivyokuwa namwonya mwanangu kila jioni. Mtoto akija mbio anapiga kelele, sikilizeni anachosema kabla ya kuangalia alichoshika. Mtoto wenu akirudi kutoka mahabusu, muitikieni salamu yake. Mengine mtagombana ndani. Mkimrudisha mlangoni, hamjui mnamrudisha na nani. Na masika msipite kona ile. Mkiona maji yanatoka kwenye ukingo, geuzeni.

Siku ya arobaini yako Idrisa alikuja, kaletwa na wenzako wa kazini. Akasimama uani. Watu wakaacha kula. Akasema, "Shikamoo mama." Baba yako akainamisha kichwa, Shamsa akanishika bega. Nikajikuta nakusikia wewe, kwamba hajafika mpaka aitikiwe. Nikasema marahaba, mwanangu, kaa hapa. Palikuwa na ungo wa maharage. Akaanza kupukuchua na machozi yake.

Haya yote ya siku ile nisiyoyaona alinieleza yeye, siku tofauti, kwenye ungo, sijamuuliza hata moja. Alinieleza pia kwamba mkishuka siku ile alikuwa analia, na wewe ukamwita mwanamume kwa kilugha chetu, ukamwambia, "Usijali mgosi, wiki ijayo tunaitoa tena ile shikamoo." Ndiyo maneno yako ya mwisho ninayoyajua.

Anaishi kwetu sasa. Mara kwa mara napanda naye kwa baba yake mdogo, tukisimama uani pale ulipokuwa unasimama wewe. Yule bwana bado hajaitikia. Tutapanda tena.

Kisomo chako kitakuwa hapa nyumbani, Ijumaa hii baada ya sala. Watu wa kijiji kile nao nimewaalika, na baba mdogo nimemtumia ujumbe kwa mkono wa shehe. Atakayesimama mlangoni kupokea wageni ni Idrisa. Atawaamkia mmoja mmoja.

Wanaokukumbuka ni baba yako mzee Abdallah, mimi mama yako Mwanahawa, kaka yako Sharifu, mdogo wako Shamsa, watoto wote wa kule mahabusu wanaokuita Anti, na Idrisa, ambaye amefika.

Hatutaacha kukutaja, Nasra, siku zote tulizobakiza.