Kocha wa Biashara na Mbalamwezi

Happiness, acha unachofanya usome hii.

Yule kocha wa biashara, Oswald, kafika leo asubuhi kwenye kampuni ya dagaa ya Verediana pale ufukweni Kibirizi. Suti, viatu vinang'aa, anapita juu ya dagaa walioanikwa. Juu ya dagaa, shoga.

Akasema amelea kampuni za dagaa mpaka Ilagala, miaka minane. Verediana kalamu mkononi, mkataba uko mezani, kichwani ameshafika Lubumbashi na mzigo wake.

Ndipo Mama Révérienne, yule anayegeuza dagaa, akauliza kwa upole: "Mwalimu, mbalamwezi ikiingia tufanyeje?"

Kocha akatabasamu. "Hiyo ni fursa, mama. Mwanga wa bure. Wavuvi waingie ziwani mara mbili."

Mara mbili. Kwenye mbalamwezi.

Hakuna aliyecheka. Hata mtu wa Kidahwe, huko mbali na ziwa, asiyemiliki kasia anajua kwamba mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na mitumbwi yote inapumzika ufukweni. Mama Révérienne akarudi kugeuza dagaa wake.

Verediana akafunika kalamu polepole. Akamuuliza kocha hao wa Ilagala walikuwa wanavua kwa kutumia nini.

"Malengo," akajibu.

Malengo, Happiness.

Kocha ameshaondoka na dagaa kwenye soli. Verediana ana swali moja, na si kwa kocha, ni kwako. Wewe uliyempa namba ya kocha ukaapa ni mtu wa kuaminika, wewe ulimuuliza nini kwanza?