Volyumu ya Redio Kwenye Pawa Saplai

Baba,

Shikamoo. Nimeolewa, Baba. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila nikilitaja bado nacheka peke yangu. Ni Masanja, yule wa bodaboda, aliyekuwa anatoka kote huko Rwamgasa hadi mezani kwako Kagongwa kukuletea taa za kichwa za wachimbaji. Siku moja alileta taa isiyo na tatizo lolote. Ukasema, "Taa nzima hii, mgonjwa ni mwenyewe." Mimi nikajifanya natafuta waya.

Mama alinipa vyombo, vitenge, na ile pawa saplai ya kompyuta uliyokuwa unapimia taa. Ilikuwa inakupa volti kumi na mbili tu, ukaifungua ili uweze kuzipandisha na kuzishusha utakavyo. Uliondoka ikiwa bado wazi, nyaya mbili zikingoja volyumu ya kuzungusha. Volti wewe uliziita sauti: "Taa hii inataka sauti ndogo, ukiipigia kelele inakufa." Nilitaka niwe fundi huku Rwamgasa kama wewe. Isingewaka, ningebaki na boksi tu la kukukumbuka.

Jumapili baada ya ibada nilichomelea volyumu ya redio yako ya zamani. Masanja alinishikia tochi, ila alikuwa ananitazama mimi. Tukawasha. Feni yake ya ndani ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Tukarudia, ikanyamaza. Nililia, Baba. Ilikuwa kama umeondoka tena.

Masanja akauliza, "Mezani kwa mzee si kulikuwa na balbu ya gari, inawaka hata mchana?"

Balbu ile. Miaka yote nilidhani ni ya kukumulikia, nikaiacha Kagongwa. Kumbe ulikuwa mzigo wa mashine. Isipokuwa na kitu cha kubeba, inajizima.

Akatoka nje, akarudi na balbu ya indiketa ya pikipiki yake. Tulikuwa tumeshachomoa waya ukutani, tukangoja umeme uliobaki ndani ulale, kama ulivyonifundisha. Alinishika mkono muda wote huo. Nilitamani umeme uchelewe kulala.

Nikaunga balbu kwenye waya mwekundu na mweusi, tukawasha. Feni ikazunguka, ikaendelea. Nikazungusha volyumu, mita ya volti ikapanda: tano, saba, tisa. Masanja akasema taratibu, "Mzee anaongea."

Sasa wachimbaji wanafika mlangoni na taa zao: "Shemeji, hii ianzie sauti ndogo." Neno lako limefika Rwamgasa, Baba. Hata tukikwaruzana kidogo, mume wangu hunionyesha ile volyumu, nami hasira inaisha.

Mama anasema balbu yako bado inaning'inia pale mezani. Nitakuja kuichukua, maana Masanja hadi leo akikata kona anatoa mkono, na hajadai balbu yake ya indiketa hata mara moja. Nikifika nitapita kwanza kaburini, nikusalimie. Na kila taa nitakayoshika, nakuahidi, nitaianzia chini.

Wabeja, Baba, asante kwa yote. Lala salama.

Binti yako,
Mbuke