Majina Yetu Matano Ndani ya Kitasa

Babu,

Pikapu yako ina kifuniko sasa. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ungeuliza habari za pikapu kwanza, halafu ndiyo habari zangu.

Ni kifuniko kigumu, cheusi, kinafunika nyuma yote, na kina vitasa viwili, kimoja kila upande. Mama amekinunua kikiwa kimetumika, kwa mzee mmoja wa Kagarama. Tangu utuache, yeye ndiye anayeendesha pikapu kupeleka sare za shule anazoshona, na mvua ilizilowesha mara mbili. Mara ya pili alilia kidogo, kisha akasema ni mvua tu imemwingia machoni. Unamjua mwanao.

Yule mzee alikuwa mkweli kupita kiasi. Alimpa Mama ufunguo, akamwambia, "Mama, sikufichi, nakala iko mingi. Dereva iko nayo, shemeji iko nayo, mbwa wangu tu ndiyo sijamkagua." Mama alicheka njia nzima mpaka tukakaribia nyumbani Gitega, ndipo akaacha kucheka. Sare za shule nzima, na nusu ya Kagarama ina ufunguo!

Nikasema nitabadilisha mimi. Nilisema polepole sana, lakini kaka Idrisa alisikia, akanicheka. "Salama? Huyu anayeogopa hata kumwomba mwenye duka chumvi?"

Sasa nikwambie jambo ambalo hutalipenda. Mama alikuwa ameshamwahidi Shabani sanduku lako la vifaa. Shabani yuleyule uliyemfundisha, si mtu mbaya. Mama anahitaji nafasi ya cherehani ya pili. Akaniambia, "Jaribu Jumamosi. Ukiweza, sanduku linabaki. Ukishindwa, Shabani akija jioni atamaliza kazi na ataondoka nalo. Vyuma vinataka mtu wa kuvitumia, mwanangu, siyo wa kuvitazama."

Hakusema kwa ukali. Na ni kweli nilikuwa navitazama tu. Siku nyingine nilifungua sanduku ili ninuse ile harufu ya mafuta ya mashine na sabuni yako na... Basi. Niendelee.

Jumamosi, tulipotoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, nilitandika leso yako mezani, nikailowesha kidogo kama ulivyokuwa ukifanya ili springi zisiruke. Nilitia ufunguo wa yule mzee, nikabonyeza kwa bisibisi ndogo, kiini cha kitasa kikatoka chenyewe. Ndani vilikuwepo vile vipande vitano vya shaba, vyembamba, kila kimoja na springi yake. Karibu nipige kelele. Ilikuwa kama ulivyonionyesha, kabisa.

Kwenye kopo lako la vitasa vilivyokufa nilipata ufunguo mpya wenye mwili uleule lakini meno tofauti. Ulikuwa umefungiwa kikaratasi chenye mwandiko wako: Zaituni 2, Idrisa 4, Salama 1, Kasimu 3, Hawa 2. Nilikaa nacho muda. Wengine hawajui kwamba ulivipa vipande vya kitasa majina yetu wajukuu wako, ili mpangilio usikupotee. Mimi najua. Nilichagua humo koponi vipande vyenye namba zile, nikavipanga ndani ya kiini nikianzia pale ufunguo unapoingilia: Zaituni kwanza maana ndiye mkubwa, halafu Idrisa, halafu mimi, Kasimu, na Hawa mwisho kabisa. Kama mwalimu anavyoita majina darasani.

Nikatia ufunguo. Vipande vitatu vilikaa sawa. Viwili vikatokeza nje, havikutaka kulala. Unajua nani? Idrisa na Kasimu! Hata ndani ya kitasa, Babu, wale wawili hawakai kwa amani.

Sikucheka wakati ule. Nilibadilisha springi. Nikasoma kikaratasi tena, nikachukua rula ya shule nikapima meno. Nilianza kufikiri kwamba wewe ndiye uliyekosea, nikaona aibu kufikiri hivyo. Jua likawa linashuka, na mikono yangu ilinuka shaba.

Ndipo mlango ukagongwa. Shabani. Mama akaita kutoka kwenye cherehani kama anavyoita siku zote, "Hawa, mlango!" Hawa akatoka mbio, kandambili moja imebaki nyuma, sisi wakubwa tumekaa palepale tulipo.

Mdogo ndiye anayefungua mlango! Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema, "Mdogo yuko mlangoni, mkubwa yuko ndani karibu na sahani." Hawa ndiye wa mbele, Babu. Zaituni ndiye wa mwisho, ndani kabisa. Niliwapanga wote kinyume.

Shabani alishaingia, akanyoosha mkono. "Lete nimalize, mdogo wangu."

"Hapana, subiri," nikasema. Kwa sauti. Idrisa akageuka kunitazama kama vile kiti kimeongea.

Nikatoa vipande, nikawageuza. Nikatia ufunguo. Wote watano wakalala sawasawa, hata ukipitisha kidole husikii kitu. Kitasa kikazunguka, tak. Cha upande wa pili kilinichukua muda mfupi tu, na sasa ufunguo mmoja unafungua pande zote mbili. Ule wa yule mzee wa Kagarama, Shabani aliujaribu mwenyewe, akausukuma, akautikisa, akauacha. Akamwambia Mama, "Kumbe mzee wetu aliacha mtu." Akanywa chai vikombe viwili, akaenda zake mikono mitupu akipiga mluzi.

Mama aliinama, akalivuta sanduku kutoka karibu na mlango, akalisukuma chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, kisha akapima kwa futi kama cherehani ya pili itaenea pembeni. Imeenea, ila sasa hatuwezi kufungua dirisha moja. Hakuna aliyelalamika.

Sikuja kukusimulia haya makaburini kwa sababu Idrisa angekuwa pale, na mimi nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia. Kwa kalamu hayanikimbii. Pumzika, Babu, kwa amani yote ambayo Mungu anayo. Nakuahidi kwamba kila Jumamosi nitafungua sanduku na nitafanya kazi. Jirani yetu ana kabati lililojifunga tangu Idi. Kesho naenda kumgongea, mimi mwenyewe.

Mjukuu wako,
Salama