Chumba cha Zubeda Korogwe

Mke wangu Mama Salehe,

Niwie radhi kwa kimya cha wiki nzima. Hasira ilinizuia kushika kalamu.

Njia nzima kutoka Handeni nilimhimiza mjukuu wetu akubali kazi ya duka la dawa hapa Korogwe, aachane na ile ya Dar es Salaam. Nilimwambia kwamba mji mdogo una heshima. Tukaenda kutazama chumba. Mama mwenye nyumba alikuwa uani akichambua mchicha na jirani yake.

"Shikamoo, mzee. Chumba ni cha nani?"

"Marahaba. Ni cha mjukuu wangu, Zubeda."

"Mjukuu!" Akamkonyeza jirani. "Wazee wote wanaokuja hapa huja na wajukuu. Wewe utakuwa unalala siku zipi?"

Mimi! Mwalimu mstaafu, tena nimevaa koti! Niliondoka bila kuaga. Nje nikamwamuru Zubeda aende Dar es Salaam, ambako hakuna anayemhoji mpangaji.

Zubeda alicheka hadi akaegemea ukuta. "Babu, mimi nakitaka chumba hiki. Kama wewe umehojiwa hivyo, nani mwingine atathubutu kunigongea mlango?"

Hata hivyo, ameomba afikirie kazi zote mbili hadi Ijumaa. Akishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Akikichagua chumba kile, tutakwenda kumtembelea pamoja, nawe utachukua cheti chetu cha ndoa.

Mungu akulinde, na goti lako lisikusumbue.

Mumeo,
Baba Salehe