Wakili Aliyekuja Mwenyewe

Same mjini,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa dada Blandina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Jipe, wewe na shemeji Vitus, na kwamba mguu wake uliochomwa na mwiba wa samaki umeshapona. Sisi hapa tunapumua. Mama anatembea mpaka uani bila fimbo na analalamika kwamba makande ya mke wangu hayana chumvi, kwa hiyo ni mzima kabisa. Barua nimempa Hamisi kwa kuwa anakuja huko kununua samaki, na kwa kuwa kwenye simu ungenikatia kabla sijafika mwisho.

Kwanza nipongeze. Wilaya nzima ya Same hakuna mtu mwenye bahati kama mdogo wako. Wenzangu wakipatwa na shida wanatafuta wakili mpaka soli za viatu zinaisha. Mimi wakili amekuja mwenyewe mlangoni, kutoka Moshi, kwa gari lake, na hajanidai hata hela ya mafuta. Ni mama mmoja anaitwa Fadhila, sauti yake ya chini, lakini akishika karatasi utadhani karatasi yenyewe inaogopa. Mimi niliyefika Mombasa, Tunduma na Lubumbashi sijaona mtu wa namna ile.

Sasa nikueleze wakili wa nini. Unakumbuka mwaka juzi niliingia kwenye tangawizi. Nilikopa kwenye kampuni moja hapa mjini, nyumba ikawa dhamana, nikapanda milimani Myamba kununua gunia kwa gunia. Bei ikaanguka, nusu ya mzigo ikaota ukungu stoo. Hilo ni langu, silikatai. Nimelipa nilivyoweza, nikachelewa miezi mitano. Lakini walichotufanyia, dada, kinaniunguza mpaka leo. Walikuja Jumanne mchana na dalali wao, mama amekaa barazani anachambua maharage, wakaandika ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama tangazo la soda, kwamba nyumba itapigwa mnada baada ya siku kumi na nne. Mama akauliza wanaandika nini. Yule dalali akamwambia asogeze kiti, anamzibia ukuta. Mama yetu huyo. Ukuta wenyewe wa matofali aliyoyafyatua mke wangu Agape akiwa na mimba ya binti yetu Faraja.

Nikaenda kutafuta wakili. Karibu na stendi, ndani ya duka la fotokopi, kuna Anold, mwenye tai na mhuri wake. Akaniambia kesi yangu ni ya asubuhi moja tu, mchana tunakula nyama. Akachukua laki tatu, akaniandikia barua ya kurasa tatu. Nikavaa koti nililofungia ndoa, nikampelekea dalali. Akaisoma yote, akaniuliza namba ya uwakili ya aliyeiandika. Mimi wa kidato cha pili nitajuaje kama mawakili wana namba. Akatoa simu, akapekua orodha ya mawakili, Anold hayumo. Akanirudishia barua, akasema angalau mhuri ni mzuri. Nilipomfuata Anold alinijibu kwamba hajawahi kusema ni wakili, alisema ni mtu wa sheria, na kwamba hata mimi ni mtu wa sheria maana sheria imenifika.

Siku ya tisa ndipo mama Fadhila akasimamisha gari hapa. Akakaa sebuleni na Agape, mimi nikapika chai. Akaeleza kwamba nyumba wanamoishi mke na mume haiwekwi rehani bila mwenzi kuridhia, na kwamba kampuni ilitakiwa ihakikishe. Agape akasema hajasaini chochote. Mama Fadhila akafungua faili aliloomba kwa kampuni, akamwonyesha ukurasa wa ridhaa. Pale penye jina la mke pameandikwa Blandina Mbwambo. Agape akaniuliza, taratibu kabisa, ana mke mwenza tangu lini. Halafu akaitazama picha iliyobandikwa kando ya jina, akamwona wifi yake. Dada, afadhali angenirushia sufuria.

Ile karatasi niliyokuletea Jipe pamoja na mikate, nikakuambia ni ya kikundi cha wakulima wa tangawizi, ndiyo hiyo. Nilijua Agape angekataa. Wewe ulisaini juu ya ndoo ya samaki bila kusoma, kwa kuwa aliyeileta ni mimi. Picha na nakala ya kitambulisho chako nilibaki nazo tangu tulipokupeleka hospitali. Afisa mikopo akaona Mbwambo na Mbwambo, akasema ndoa nzuri hii, akagonga mhuri. Hakuna hata mmoja aliyekuja nyumbani kuuliza mke yuko wapi, ila kupaka rangi wanaijua njia. Nikiwaza hivyo damu inachemka, kisha nakumbuka uongo niliwapelekea mimi, na hasira inakosa pa kwenda.

Baraza la ardhi limezuia mnada mpaka tarehe kumi na nne mwezi ujao. Nakuomba uje. Useme wewe ni dada, si mke, na kwamba hukuambiwa unasaini nini. Bila wewe karatasi yao inasimama na mama anatolewa nje. Najua ukisema hivyo mimi naweza kuishia polisi. Sema hivyo hivyo, usinipunguzie hata neno. Nauli yako ya kuja na kurudi anayo Hamisi.

Mama anakusalimu, anauliza kama perege wakavu bado wapo. Faraja anakusalimu. Agape naye anakusalimu, anasema na wewe hana neno. Msalimie shemeji, na kama utaamua kumwambia, nipe siku mbili nijifiche.

Na ile bahati niliyojisifia, dada, haipo. Mimi sina wakili. Mama Fadhila ni wakili wa Agape. Agape ndiye aliyempandia basi mpaka Moshi, akauza cherehani yake kumlipa. Kwenye hati ya madai kampuni ni mdaiwa wa kwanza. Mdaiwa wa pili ni mimi.

Mdogo wako,
Sadock Mbwambo