Naima na Hadithi Aliyoimeza

Kilangala,
Lindi.
11 Mei 2025

Mpendwa Dada Somoe,

Shikamoo dada. U hali gani huko Tabora, na kifua kimepoa? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mguu wa mama umepungua uvimbe, ameshaanza kugombana na kuku. Ufuta umekubali mwaka huu, tumeshaukata.

Dada, nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijafika. Ni habari ya mwanao Naima. Haumwi, usishtuke.

Shuleni kwetu siku hizi walimu tunafanya kazi kwa jumuiya. Mmoja anaingia darasani kwa mwenzake kutazama anavyofundisha, kisha Alhamisi vipindi vikiisha tunakaa pamoja kuona watoto wanakwama wapi. Mimi niliona umbea mtupu. Yaani mwalimu Benedicto, kaajiriwa juzi tu, akae nyuma anichungulie mimi? Kila zamu yangu ikifika nikawa na udhuru: leo msiba, kesho kichwa.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu akakataa udhuru. Benedicto akaingia darasa langu la nne. Nikasema ngoja nimkomeshe, nikamwinua Naima. Mtoto akashika kitabu, akatiririka hadithi nzima, darasa likapiga makofi. Benedicto naye akapiga. Kisha akamsogelea taratibu, akamfungulia hadithi ambayo hatujaifikia, akamwambia, "Hebu na hapa, mama." Naima akanitazama mimi. Hakuweza hata neno la kwanza.

Kumbe kitabu amekishika kwa masikio, kama wanavyohifadhi juzuu chuoni. Mimi nasoma mbele, wao wanaitikia, yeye anameza. Na ni mimi niliyekuwa nikikutumia ujumbe kwamba mwanao anasoma kama maji. Nilitaka uone umemwacha pazuri. Nimekudanganya bila kujua, na huko kutojua ndiko kunakoniuma zaidi, maana mtoto analala chumbani kwangu.

Alhamisi ya wiki ile nilikwenda kikaoni nimejiandaa kwa vijembe. Wallahi hakuna aliyenicheka. Mwalimu Jenipher akasema hata darasani kwake wa namna hiyo wapo, tukapita kote, tukawapata wengi. Tumewakusanya bila kujali darasa, Benedicto anaanza nao silabi kila asubuhi, nami nakaa nyuma najifunza. Nilivyokuwa na kiburi! Jana Naima kasoma "kikapu" mwenyewe, kwa kidole, jasho linamtoka.

Mtihani wa la nne ni mwishoni mwa mwaka. Siahidi kitu, ahadi zangu umeshaziona. Ukitaka kumchukua, sina kinywa cha kukuzuia, wewe ndiye mama yake. Ila nakusihi uniachie nimfikishe.

Nimemwomba radhi juzi, tukiwa tunapepeta ufuta. Akaniuliza, "Mama mdogo, kumbe ulikuwa hujui? Mimi nilidhani unajua, tunafichiana siri." Mtoto alikuwa akinilinda mimi, mwalimu wake.

Nisalimie sana shemeji Abdulrazak na watoto. Mama anakuombea dua kila swala. Mola akupe afya na moyo wa kunisamehe. Nijibu, hata kama ni kwa kunigombeza.

Mdogo wako akupendaye, mwenye haya,
Kidawa